Kipande Ulichookota ni cha Wapi?

Kijana, ngoja kwanza! Usiikunje karatasi hii ukafungie karanga. Umepewa bure, basi isome mpaka mwisho. Haitakuchukua hata dakika 15, na huenda ikakutoa mahali ulipokwama siku nyingi bila kumwambia mtu.

Naanza na swali. Umefungua mashine, umeitengeneza, umeifunga. Unawasha, inawaka. Unafurahi. Halafu unatazama chini na kuona kipande kimoja cha chuma. Hukijui. Hujui kimetoka wapi. Utafanyaje? Utakitupa? Utakitia mfukoni unyamaze? Au utafungua tena kazi yote uliyokwisha kuimaliza?

Usinijibu haraka. Sikuulizi habari za vyuma tu. Nakuuliza wewe ni mtu wa namna gani.

JAMBO LILILONIPATA

Mwaka 1996 nilikuwa na miaka 19. Nilikuwa saidia fundi katika gereji moja ya chini ya mwembe mjini Korogwe. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyuma kwa mafuta ya taa, kumulika tochi mahali fundi mkuu anapotazama, na kutumwa chai. Sikuwa na cheti. Nilikuwa na mikono na masikio tu.

Siku moja mwalimu mmoja mstaafu akaleta gari lake, Volkswagen Beetle ya mwaka 1965, lile la mgongo wa mviringo kama kobe. Wewe labda umeliona kwenye picha tu. Gari hili lilitengenezwa miaka mingi sana, mpaka la mwisho kabisa likatoka kiwandani Mexico mwaka 2003, na yote pamoja yalikuwa zaidi ya milioni 21. Hapa kwetu Afrika Mashariki liliwahi kushinda mashindano ya Safari mwaka 1954, tena 1957, tena 1962, kwenye matope na mawe ya barabara za wakati ule. Mwalimu alilipenda sana. Alikuwa akilisifia kama mtu anayemsifia mtoto wake aliyefaulu mtihani.

Ubovu wake ulikuwa klachi. Na gari lile injini yake iko nyuma, imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu. Tukaishusha. Fundi mkuu akaniachia niisafishe. Nikaanza kuchokonoa matope makavu yaliyojaa kwenye mapezi ya silinda, yale mabati membamba membamba yanayosaidia kupoza. Mara, tiii! Kitu kikaanguka ndani ya karai.

Nikakiokota. Kilikuwa kipande cha chuma kidogo kuliko kucha ya kidole gumba, upande mmoja kimenyooka, upande wa pili ni mviringo. Nusu mwezi kabisa. Hakikuvunjika mahali popote. Kilikuwa kizima, kimetengenezwa kwa makusudi, lakini hakikuwa mahali pake.

Nikampelekea fundi mkuu. Alikitazama kwa jicho moja, jicho la pili liko kwenye klachi.

“Achana nacho, bwana mdogo,” akasema. “Gari lilikuja likitembea, litaondoka likitembea. Unataka nini tena?”

Wenzangu wakacheka. Nami nikacheka. Lakini kile kipande sikukitupa. Nilikitia mfukoni.

Ijumaa jioni kazi ikaisha. Injini ikarudishwa, ikawashwa, ikalia vizuri kama cherehani mpya. Mwalimu akaambiwa aje Jumamosi asubuhi alichukue gari lake, kwa maana alikuwa na safari ya kwenda Lushoto na mke wake na wajukuu wawili. Kama unaijua barabara ile ya kutoka Mombo kupanda Lushoto, unajua ninachosema. Ni zaidi ya kilomita 30 za mlima na kona, upande mmoja mwamba, upande mwingine bonde.

Nikaenda nyumbani. Nikala. Nikajilaza. Kile kipande kilikuwa ndani ya suruali iliyotundikwa ukutani, na mimi nilikuwa naitazama ile suruali kama vile ina mtu ndani yake.

SWALI LA MZEE

Palikuwa na mzee mmoja karibu na reli, fundi wa siku nyingi. Macho yalikuwa yamekwisha, alikuwa haoni vizuri tena, lakini mikono yake ilikuwa bado inaona. Nikavaa, nikaenda kumgongea.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Usiku huu umeleta nini?”

Nikamwekea kile kipande kwenye kiganja. Akakigeuza kwa vidole mara mbili, akanyamaza, kisha akauliza, “Ulikikuta wapi?”

“Kwenye injini ya Volkswagen, mzee.”

“Injini ina mambo mengi. Nimekuuliza wapi.”

Nikamweleza: juu ya silinda, chini ya bati kubwa la feni.

“Kilikuwa kikavu au kina oili?”

“Kikavu, mzee. Kilikuwa na vumbi tu.”

Basi akakaa vizuri akanifundisha. Sikiliza na wewe, kwa sababu hapa ndipo penye jambo lenyewe.

Injini ya gari lile haina rejeta wala haitumii maji. Inapozwa kwa upepo. Mkanda unazungusha dainamo, na shafti ya dainamo inatokea upande wa pili, ndiyo iliyobeba feni. Feni inavuta upepo na kuusukuma chini ndani ya bati kubwa, mpaka kwenye silinda. Ili feni isiteleze kwenye shafti, pamechongwa kijishimo kwenye shafti na kingine kwenye kitako cha feni. Kile kipande cha nusu mwezi kinakaa katikati yao, nusu huku, nusu kule. Kinavifunga viwili vizunguke kama kimoja. Halafu inakazwa nati kubwa ya spana namba 36.

“Kingekuwa cha ndani ya injini kingelowa oili,” mzee akasema. “Kingekuwa cha puli ya mbele, kingeanguka nje. Hiki umekikuta chini ya feni, kikavu. Hiki ni cha feni. Sasa ni moja kati ya mambo mawili. Labda fundi wa zamani alikiangusha, akakitafuta akakikosa, akaenda kununua kingine akaweka. Kama ni hivyo, hicho ulicho nacho hakina kazi tena. Au alikiangusha, akaona uvivu, akakaza nati akafunga. Kama ni hivyo, ile feni imeshikwa na nati peke yake. Itashika leo, itashika kesho. Siku nati ikilegea, dainamo itazunguka na feni itabaki nyuma.”

“Sasa nitajuaje ni lipi, mzee?”

“Kwa kusikiliza hutajua. Yote mawili yanalia sawa. Utajua kwa kufungua.”

TAA AMBAYO HAIWAKI

Nikajaribu kujitetea. Nikamwambia, “Lakini mzee, feni ikisimama si ile taa nyekundu itawaka?” Maana kila mwenye gari lile anajua: mkanda ukikatika, taa nyekundu ya chaji inawaka, unasimama upesi kabla injini haijaungua.

Mzee akacheka kidogo. “Mwanangu, taa ile inaiangalia dainamo, haiiangalii feni. Mkanda ukikatika vyote viwili vinasimama, ndiyo maana taa inakusaidia. Lakini feni ikiteleza peke yake, dainamo itaendelea kuzunguka, taa itakuwa imezima, na dereva atapanda mlima akiimba. Na gari lile halina hata mshale wa kuonyesha joto.”

Rafiki yangu unayesoma, simama hapo kidogo. Ni mara ngapi umejiambia, “Kama kungekuwa na ubaya ningejisikia vibaya”? Ni mara ngapi umesema, “Mbona nalala usingizi, basi sina kosa”? Taa isiyowaka si ushahidi kwamba mambo ni salama. Pengine taa hiyo inaangalia kitu kingine kabisa!

NILICHOKIKUTA

Nikarudi gereji. Nikamwambia mlinzi ukweli, akaniwashia chemli. Nilijua kesho yake nitagombezwa, tena kwa haki, maana nilikuwa nafungua kazi ya mkubwa wangu. Nikatoa mkanda, nikatoa kabureta, nikalegeza ukanda unaoshika dainamo, nikafungua zile bolti za bati la nyuma, nikaivuta dainamo na feni yake. Ile nati namba 36 ilinitoa jasho. Saa nane usiku nikaitoa feni, nikavuta kitako chake taratibu, mkono ukitetemeka, nikamulika tochi.

Unadhani nilikuta nini?

Nilikuta nusu mwezi mwingine. Uko mahali pake, umekaa sawasawa. Fundi wa zamani alikuwa amenunua kingine.

Ndiyo! Hapakuwa na ubovu wowote. Nikafunga tena kila kitu, na jua likanikuta nafuta mikono.

Fundi mkuu alipofika na kusikia, alinigombeza kwanza, halafu akacheka mpaka akashika mbavu. “Si nilikuambia? Umekesha bure!”

Sasa wewe kijana nijibu. Je, fundi mkuu alikuwa na haki?

ALIYEBAHATISHA HAKUJUA

Watu wengi watasema, “Alikuwa na haki. Alisema gari ni zima na kweli lilikuwa zima.” Lakini hebu fikiri. Alipokuwa anasema, alijua? Hakujua. Maneno yake yangekuwa yale yale hata kama kile kijishimo kingekuwa kitupu. Angesema vile vile, “Litaondoka likitembea,” na wale watoto wawili wangepanda mlima nyuma ya feni inayoteleza. Hakusema kweli, alibahatisha, na bahati ikamwangukia. Mtu akirusha sarafu juu ya maisha ya wenzake, hata ikianguka upande mzuri, bado aliyachezea maisha ya wenzake.

Na hatari iko hapa: aliyebahatisha akapata, atabahatisha tena. Kila mara mambo yakienda vizuri anajiona hodari zaidi. Kumbe hajawahi kujua hata siku moja.

Je, nilikesha bure? Saa ya jioni nilikuwa na gari zima na mimi sijui. Asubuhi nilikuwa na gari lile lile zima, lakini najua. Gari halikubadilika. Aliyebadilika ni mimi. Niliweza kumtazama Mwalimu usoni. Hiyo si bure.

VISINGIZIO VITATU

Najua unachosema moyoni. Mimi pia nilivisema vyote usiku ule nikiitazama suruali ukutani.

Cha kwanza: “Mbona kinafanya kazi?” Ndugu, kufanya kazi leo ni habari ya leo tu. Nati inaweza kubeba mzigo wa vitu viwili kwa muda. Hata uongo unaweza kubeba nyumba kwa muda. Swali ni nini kitatokea siku mzigo ukizidi, siku ya mlima. Kwa sababu mlima upo, hata kama leo unatembea kwenye tambarare.

Cha pili: “Si mimi niliyekiangusha.” Ni kweli, hukukiangusha. Lakini aliyekiangusha hayupo, na mwenye gari hajui. Katika watu wote duniani, wewe peke yako ndiye uliyekishika. Kosa ni la mwingine, lakini habari sasa ni yako. Huwezi kukirudisha kwenye matope na kuwa tena yule mtu ambaye hakukiona. Kabla hujakiokota ulikuwa mtu asiyejua. Ukikiokota ukanyamaza, wewe ni mtu aliyejua akanyamaza. Hao ni watu wawili tofauti kabisa!

Cha tatu: “Hakuna aliyeona.” Hiki ndicho kibaya kuliko vyote, maana ni cha kweli. Mwalimu asingejua kamwe. Lakini fikiri vizuri: kwa nini yule mzee mstaafu alituachia ufunguo wa gari akaenda zake? Kwa sababu haoni tunachofanya chini ya gari, naye ameamua kutuamini. Kutoonekana ndiko kulikotufanya tuaminiwe. Ukilitumia giza hilo kumficha, umemwibia kitu ambacho hakiuzwi dukani.

WEWE UMEOKOTA NINI?

Sasa tuache gari la Mwalimu. Nakuuliza wewe unayeshika karatasi hii. Mfukoni mwako mna nini?

Labda umehesabu fedha za kikundi chenu cha vijana mara mbili, na mara zote mbili hesabu inakataa, na mweka hazina ni rafiki yako. Umesema, “Ni kidogo tu, achana nayo.”

Labda ndugu yako anakohoa, sasa ni zaidi ya wiki 2, na wewe ndiye unayelala naye chumba kimoja, wewe ndiye unayemsikia usiku. Umesema, “Mbona mchana anacheza mpira?” Kikohozi cha wiki 2 ni cha kupimwa. Pengine si kitu. Pengine ni kifua kikuu, ambacho kinatibika. Kwa kusikiliza ukutani hutajua.

Labda rafiki yako alikuambia, katikati ya mzaha, kwamba heri asingekuwepo duniani. Wote mlicheka. Neno lile likaanguka chini, tiii, nawe peke yako ulilisikia. Tangu siku ile liko mfukoni mwako. Kijana, hilo usilale nalo! Nenda leo ukamuulize, tena ukae naye, na umtafute mtu mzima wa kuwasaidia.

Inawezekana ukienda utakuta kila kitu kiko mahali pake. Mweka hazina atakuonyesha risiti. Daktari atasema ni mafua. Rafiki atasema, “Nilikuwa nimechoka tu siku ile.” Watakucheka? Wacha wacheke! Umekesha usiku mmoja. Wao wamepata mtu anayefungua na kutazama.

UFANYE NINI BASI?

Kwanza, usikitupe. Kitu usichokijua si takataka. Takataka ni kitu ambacho umekwisha kujua kwamba hakina kazi.

Pili, kumbuka ulipokikuta. Mzee aliuliza mahali, akauliza ukavu, ndipo akajua. Usiseme “nilisikia mahali fulani.” Sema nani, lini, wapi. Usiongeze chumvi.

Tatu, usikilazimishe. Kuna vijana wakiokota kipande wanakigongea nyundo kwenye tundu lolote. Wanasikia neno moja, wanamwita mtu mwizi mbele ya watu. Hao wanaharibu kuliko yule anayetupa. Yule mzee hakusema “gari bovu.” Alisema “ni moja kati ya mambo mawili.”

Nne, sema “sijui.” Neno dogo, lakini linawashinda mafundi wengi wakubwa. Mimi nisingesema “sijui” mbele ya yule mzee, nisingejua mpaka leo. Kuuliza si ujinga, bwana.

Tano, fungua. Hapa hapana njia ya mkato. Ni jasho, ni usiku, ni kugombezwa. Lakini fungua.

MWISHO

Asubuhi ile Mwalimu alipofika na mke wake na wajukuu, nilimweleza yote. Nilimwonyesha kile kipande. Alikishika muda mrefu. Nilidhani atacheka kama wengine, au atakasirika kwamba nililifungua gari lake bila ruhusa yake.

Akasema, “Mwanangu, nipe kalamu.” Akachana karatasi kwenye daftari, akaandika tarehe, na mahali kilipookotwa, na kwamba kingine kimeonekana kimekaa mahali pake. Akakifunga kipande ndani ya ile karatasi, akakiweka kwenye kisanduku cha mbele cha gari.

“Fundi atakayelifungua baada yako,” akasema, “asikose usingizi.”

Wakaondoka kwenda Lushoto, na Jumatatu wakarudi salama.

Sasa karatasi hii iko mkononi mwako. Nimeandika mahali nilipookota langu, ili wewe usihangaike kama nilivyohangaika. Lakini lako silijui. Lipo mfukoni mwako, na unalijua tangu uliposoma swali la kwanza. Usiseme kesho. Mwalimu alikuwa anasafiri asubuhi, na pengine na wako pia yuko safarini asubuhi.

Inuka. Nenda ukaulize ni cha wapi.